Dari la Masijala

Nagonga dari kwa kichwa cha nyundo,
polepole, kama mama agongavyo nazi sokoni Tandika
akiitafuta iliyokomaa.
Palipo pazima panajibu: ndi.
Palipochoka panasema neno jingine,
fupi, lenye hewa ndani,
kama mtu aliyekumbushwa deni akajitia kukohoa.

Chaki. Duara. Sogeza ngazi.

Zege hili lilikuja jepesi.
Fundi Kondo, aliyelipandisha mwaka sabini na nne,
amealikwa leo kama shahidi, ameketi juu ya ndoo ya rangi.
"Vibamba vilishuka melini. Ndani mapovu matupu,
mkate wa kumimina! Tukabeba watu wanne
kilichotaka watu kumi, tukacheka siku nzima.
Kipande kimoja tulikitupa kwenye pipa la maji.
Kikaelea.
Tukadhani tumeiibia dunia uzito wake."

Waliambiwa: miaka thelathini.
Wa thelathini ulipofika hakuna aliyepiga hodi.
Ikaja rangi. Nyeupe, ya maziwa, nyeupe tena,
kila alipotarajiwa mgeni mkubwa.
Methali ya ufa na ukuta tunaijua tangu darasa la tatu,
lakini ufa huu haukuwahi kuonekana ukaombewa saruji,
ulijifunika koti la tano
ukasubiri masika.

Na masika ya hapa hayana haraka.
Maji yanatuama juu ya paa bapa
kama wageni waliokosa nauli ya kurudi,
yanaingia povu moja, yanalala,
asubuhi yanahamia la jirani.
Chumvi ya Kurasini inayafuata nyuma, peku,
mpaka kwenye nondo nyembamba kama vijiti vya mishikaki.
Nondo haipigi kelele.
Inavimba tu, kama ufizi.

Fundi Kondo anauliza kama kosa ni lake.
Namwambia hapana.
Anauliza tena, kwa sauti ya chini,
akikitazama kiganja chake,
na safari hii nageukia nyundo.

Fomu yangu ina visanduku vitatu:
nzuri, wastani, mbaya. Weka alama kimoja.
Hakuna kisanduku cha *ilikuwa nzuri, ikaachwa*.
Hakuna cha *bado imesimama, sijui kwa nini*.

Ndipo naitazama sakafu.
Kwenye terazo, alama za miguu ya meza: nne,
kisha nne, kisha nne nyingine,
zikisogea kuelekea ukutani
kama nyayo za mnyama mwangalifu.

Bi Chausiku hainui macho daftarini.
Anaandika jina la mtoto wa mtu, herufi kwa herufi.
"Zile za kwanza, mwaka nilioajiriwa.
Za pili, vumbi lilipoanza kuanguka kwenye chai.
Za tatu, mvua za elinino."
Sasa meza yake imeegemea ukuta, chini ya boriti;
hana pengine pa kuhamia ila barabarani.

Nimesomea miaka minne kulisikiliza zege.
Yeye amelisikiliza kwa kikombe.

"Hukuandika barua?"
"Saba. Na nakala nimeweka.
Faili la kijani, kabati la pili,"
anaonyesha kwa midomo,
pale, chini kabisa ya duara langu kubwa kuliko yote.

Tunatazamana, mimi, yeye na Fundi Kondo.
Hakuna anayekwenda kulichukua.

Nje jua limekuwa kali.
Foleni ya wanaosubiri vyeti inasogea hatua moja,
na mwanamke mwenye kichanga mgongoni
anashusha pumzi, anafuta jasho,
anashukuru kuingia kivulini.